Ngamia, Amari na Daraja Lililoyumba

Mhariri wa kitabu chetu hiki aliponiomba niandike machache juu ya masomo ya watoto wetu, nadhani alitaka orodha ya waliofaulu mitihani. Orodha hiyo wapo wa kuiandika. Mimi nitaeleza yaliyopita juu ya meza yangu ya kulia chakula hapa London, tangu siku za baridi hadi Idd, kwa sababu meza ile nusura inigombanishe na kaka yangu, na wengi wenu mlisikia nusu ya kwanza ya habari bila ya nusu ya pili.

Upande mmoja wa meza hukaa mwanangu wa mwisho, anayesomea uhandisi. Utafiti wake ulikuwa juu ya dampa, yaani vile vyombo vinavyowekwa katika mitambo, majumba na madaraja ili kupunguza mtikisiko. Wenye magari mnavijua, kwani shokomzoba nayo ni dampa: pistoni inakwenda na kurudi ndani ya silinda yenye mafuta, mafuta yanalazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na ile nguvu ya kulirusha gari inageuka kuwa joto. Upande wa pili hukaa binti wa kaka yangu, aliyetoka kwao Maskati kuja kusoma Kiarabu na Kigiriki cha kale. Kaka hakuwa na neno juu ya Kiarabu wala Kigiriki. Lakini ulipofika mwaka wa mwisho, alipotakiwa achague jambo la kulifanyia utafiti, binti akachagua mstari mmoja wa Injili na jinsi ulivyofasiriwa na watu wa zama mbalimbali.

Mstari wenyewe umo katika Injili ya Mathayo, sura ya 19, na pia katika Marko na Luka. Hapo Nabii Isa anawaambia wanafunzi wake kuwa ngamia kupita katika tundu la sindano ni jambo jepesi kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu. Sisi tuliopita madrasa ngamia huyo si mgeni kwetu, maana anatajwa katika Sura ya Aaraf, aya ya 40, juu ya wale wanaozikadhibisha aya za Mwenyezi Mungu na kuzifanyia kiburi: pepo iko mbali nao kama alivyo mbali ngamia na tundu la sindano.

Ila mimi sikusomeshwa ngamia. Marehemu baba yetu, aliyekuwa akisomesha Kurani Pangani, alitusomesha kuwa kinachotajwa ni amari, ile kamba nene ya kufungia nanga. Nakumbuka siku yenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, na baba alitutoa chuoni sote, wavulana na wasichana, akatuteremsha mpaka mtoni, mahali majahazi yalipokuwa yakipakia mbata. Akamwomba nahodha mmoja ruhusa, akainyanyua ncha ya amari iliyolowa maji ya chumvi, nene kuliko mkono wangu. Kisha akachomoa sindano kutoka katika kofia yake, maana alikuwa na desturi ya kushona kofia wakati sisi tunasoma, akasema, "Haya, nani atanitungia?" Tulicheka sana. Mwenzetu mmoja alijaribu kweli. Tangu siku hiyo kila nikiisoma sura ile nimekuwa nikisikia harufu ya kamba mbichi, na nilipokuja kuwa mwalimu mwenyewe, Tanga na baadaye hapa London katika darasa letu la Jumamosi, niliwasomesha watoto wa watu vivyo hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini.

Basi usiku mmoja, tukiwa tunakunywa chai, nilimsimulia binti habari ya baba na amari, nikidhani nampa zawadi ya kuitia katika utafiti wake. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Shangazi, hiyo kamba imo vitabuni, lakini wanazuoni wengi wanasema ni ngamia. Na katika Kigiriki mambo ni hayo hayo." Akataka kuendelea, mimi nikamkata. Nikamwambia kuwa babu yake hakuwa mjinga, na kwamba mtu akisoma Biblia mno hufika mahali akawasahihisha wazee wake. Maneno hayo niliyasema mimi, wala sitaki kuyapunguza. Binti aliziosha bilauri akapanda juu kulala.

Kesho yake nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nilimpigia simu kaka Maskati, nikamweleza nikiwa bado nina hasira. Kaka ni mtu mpole, lakini baba akitajwa upole wote hutoweka. Akasema, "Wewe ndiwe mama yake huko. Ama abadilishe hilo somo, ama arudi nyumbani. Mimi sitalipa ada ya mtu kumkosoa baba yangu kwa Injili." Nilipokwisha kuweka simu chini ndipo nilipotambua nimefanya nini. Binti alikuwa amebakiza miezi mitano amalize.

Siku zilizofuata meza ilikuwa na ukimya wa ajabu. Aliyekuwa akipiga kelele ni mwanangu peke yake, kwani kelele ndiyo kazi yake. Alikuwa amefunga jiliwa pembeni mwa meza, akabana rula ndefu ya chuma, na kwenye ncha yake akatia uzito. Ukiipiga rula huyumba huku na huku muda mrefu. Ukiisukuma kidogo kidogo, lakini kila mara kwa wakati wake inapokwenda, huzidi kuyumba, kama vile watoto wa pembea siku ya sikukuu: hakuna anayemsukuma mwenzake kwa nguvu, bali kwa wakati. Halafu akaning'iniza kwenye ncha ile kijiuzito kidogo kwa springi, kimepimwa kiyumbe kwa kasi ile ile ya rula. Ajabu ni kwamba rula ikitikiswa, kile kidogo ndicho kinachoruka, kikienda kinyume chake, na rula yenyewe inatulia. Mjerumani mmoja, Hermann Frahm, ndiye aliyeomba hati ya uvumbuzi wa jambo hilo mwaka 1909.

Lakini, akaniambia, kijiuzito peke yake hakitoshi. Kasi ikibadilika kidogo tu kinaweza kuleta mtikisiko mwingine badala ya kuuondoa. Sharti nacho kizuiwe kwa kiasi, kwa mafuta au kitu kama hicho. Ormondroyd na Den Hartog walipiga hesabu zake mwaka 1928, wakaonyesha kuwa kizuizi kikiwa hafifu mno hakifai, na kikiwa kikali mno vilevile hakifai, kwa kuwa kile kidogo hugandamana na kile kikubwa vikayumba pamoja kama kitu kimoja, ikawa kama kwamba hukutia dampa kabisa. Niliyasikiliza hayo nikimtazama binti ambaye alikuwa akiandika bila kuinua kichwa.

Utafiti wa mwanangu ulihusu daraja la waendao kwa miguu linalovuka mto Thames, kutoka Kanisa la Mtakatifu Paulo hadi jumba la sanaa la Tate Modern. Jina lake ni Millennium Bridge, urefu wake mita zipatazo 325. Lilifunguliwa Jumamosi tarehe 10 Juni 2000, likafungwa tarehe 12. Halikuvunjika. Liliyumba ubavuni, kwa sentimita kadhaa, na watu wakashika vyuma vya pembeni. Mtu wa kawaida hupiga kama hatua mbili kwa sekunde, moja ya kulia na moja ya kushoto, kwa hiyo msukumo wake wa ubavuni hurudi takriban mara moja kila sekunde, na kasi ya daraja yenyewe ya kuyumba ilikuwa karibu na hapo hapo. Wahandisi walifanya majaribio, wakawatembeza watu juu yake wakiwaongeza kidogo kidogo. Walipokuwa watu 156 daraja lilikuwa shwari. Walipofika 166 likaanza. Hatimaye zikatiwa dampa 37 za mafuta, za jamii ya shokomzoba, na nyingine 52 za uzito na springi, kwa gharama ya paundi milioni 5 hivi, na tarehe 22 Februari 2002 likafunguliwa tena. Halijayumba hivyo tena.

Maelezo yaliyokubalika kwa miaka mingi yalikuwa kwamba watu, daraja lilipoanza kucheza, waliangukia katika hatua moja, kama askari wa gwaride, na kwa kwenda pamoja wakalizidishia mwendo. Lakini mwaka 2021 watafiti wa Uingereza na Marekani, katika jarida la Nature Communications, walitoa hoja kuwa si lazima kuwe na gwaride. Kila mtu akijitahidi mwenyewe asianguke, akitanua miguu na kuegemea huku na huku kwa wakati wake, jumla ya juhudi hizo inatosha kulipa daraja nguvu ya kuyumba. Hatua moja huja baadaye, ikija. Mwanangu alikuwa akilipima jambo hili kwa hesabu zake.

Sasa, mimi siku ile ya Jumamosi nilikuwepo. Nilikuwa nikisukuma kigari cha mtoto, na mtoto ndiye huyu mhandisi, ambaye hakuamka. Jioni moja akaniuliza mbele ya binti, "Mama, hebu kumbuka. Ulikuwa ukifuata hatua za wenzako?" Nikamjibu kwamba sikumtazama mtu. Nilitanua miguu kama aliyepanda jahazi, nikawa najitazama mwenyewe na kigari changu tu. "Basi wewe ndiwe shahidi wangu," akasema kwa furaha.

Binti, ambaye kwa wiki mbili hakuwa amesema mezani ila salamu na ahsante, akacheka. Akasema, "Hiyo ni riwaya ya mtu mmoja. Na ameipokea akiwa na umri wa miaka arobaini, akaisimulia akiwa na sitini na ushei, baada ya kuulizwa na mtu mwenye haja nayo." Nikacheka na mimi, kwa kuwa alikuwa na haki, na kwa kuwa lugha aliyoitumia ni ile ya babu yake: nani kapokea kwa nani, lini, na anaaminika kiasi gani. Nikamwambia, "Haya, lete hiyo Injili yako, na mimi nikuulize kama unavyoniulizia daraja."

Alikwenda juu akarudi na bahasha nene. Hakutoa Injili. Alitoa nakala za kurasa za Tabari, yule mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 923, ambazo alikuwa amezipiga maktabani tangu siku ya pili ya ugomvi wetu, na hakuwa amethubutu kunipa. Kiarabu changu ni cha chuoni, kinakwenda polepole, lakini kinafika. Tukakaa naye bega kwa bega. Kumbe kamba ya baba imo. Inapokewa kwa njia zaidi ya moja hadi kwa Ibn Abbas, kwamba yeye alisoma "jummal", ambayo ni kamba nene ya chombo, pale wengine waliposoma "jamal", ngamia. Herufi ni zile zile tatu, jimu, mimu na lamu, na misahafu ya mwanzo haikuwa na irabu. Tabari ameyataja yote kwa insafu, kisha mwenyewe akaelemea kwa ngamia, kwa kuwa ndiyo kisomo cha wasomaji wa miji yote. Katika tafsiri ya Zamakhshari, wa karne ya 12, binti alinionyesha hoja ya upande wa kamba, kwamba kamba ndiyo inayofanana na uzi. Na hapo hapo inapokewa kuwa Ibn Mas'ud aliulizwa ngamia huyo ni kitu gani, akajibu kuwa ni mume wa ngamia jike, kama mtu anayeshangaa kuulizwa swali kama hilo. Nililisoma mara mbili nikacheka peke yangu.

Upande wa Injili, aliponieleza, niliona ni mji ule ule wenye mitaa mingine. Kwa Kigiriki ngamia ni "kamelos", na "kamilos" inasemwa kuwa ni kamba ya meli. Baadaye sauti mbili hizo zikawa zinatamkwa sawa, hivyo mwandishi anayenakili kwa kusomewa angeweza kuandika hili badala ya lile, na nakala chache za mkono zina hiyo ya kamba. Askofu Cyril wa Aleksandria, aliyefariki mwaka 444, alishika upande wa kamba. Lakini watunga kamusi wana shaka, maana neno hilo la kamba halionekani popote ila kwa watu wanaofasiri mstari huu, na yawezekana lilizuliwa kwa ajili yake. Tena katika Talmud ya Mayahudi wa Babeli wanazuoni wanataja tembo kupita katika tundu la sindano, kuonyesha jambo lisilowezekana. Babeli tembo, Palestina ngamia: kila watu na mnyama wao mkubwa. Na ipo kanuni ya watafiti, aliyoitilia nguvu Mjerumani Johann Albrecht Bengel katika karne ya 18, kwamba visomo vikigongana, kile kigumu kina haki zaidi ya kuwa cha asili, kwa kuwa mwenye kunakili hulainisha linalomshangaza. Haelekei kuligeuza lililo laini likawa gumu.

Nikamuuliza habari ya mlango wa Yerusalemu. Nilikuwa nimemsikia padri mmoja redioni akisema palikuwa na mlango mdogo ulioitwa Tundu la Sindano, na ngamia akiweza kuupita kwa kupiga magoti baada ya kuteremshwa mizigo. Nilikuwa nimeipenda sana habari hiyo. Binti akasema hakuna ushahidi wa mlango huo, na kwamba habari yake haionekani ila karne nyingi baada ya Injili kuandikwa. Wenye mali zao wataupenda, maana unawaachia pa kupita.

Ndipo nikamuuliza lile lililokuwa moyoni. Ikiwa baba aliyajua haya, na mtu aliyesoma alivyosoma hakosi kuyajua, kwa nini alitusomesha kamba peke yake? Mimi nina jibu langu. Pangani hatukuwa na ngamia. Tulimjua kwa kusimuliwa tu, wale wa Unguja waliofungwa macho wakizunguka vinu vya ufuta, na mtoto hawezi kustaajabia asichokijua. Amari tuliishika kwa mikono. Baba alichagua kisomo ambacho watoto wake wangeweza kukinyanyua. Binti akalifikiri, akasema, "Inawezekana, shangazi. Lakini hilo hatuna ushahidi nalo. Siwezi kuliandika." Nilitaka kukasirika tena, nikashindwa. Hakulikataa. Alilikataza tu kuingia katika karatasi zake, na nyumbani kwangu linaruhusiwa kukaa.

Usiku ule ule nikampigia simu kaka. Kwanza nikamwomba radhi kwa simu ile ya awali, kwamba nilimfikishia maneno ya mtoto bila ya ushahidi wake. Akanyamaza. Nikamwambia asikilize, nikaanza kumsomea Tabari kwa simu, na sanadi zake zote, na kila nilipokosea irabu akanisahihisha, kwa kuwa yeye alikuwa hodari kuliko mimi tangu utotoni. Nilipofika kwa Ibn Abbas na kamba akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Mimi miaka yote nilidhani baba alituambia hivyo kwa sababu ya jahazi tu, kama mfano wake mwenyewe. Sikujua kuwa ina wenyewe." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikamwambia kuwa aliyeipekua ni binti yake, na kwamba aliipekua baada ya mimi kumtukania kazi yake.

Hakusema kuhusu ada, wala sikumuuliza. Ada ililipwa.

Mwanangu alimaliza utafiti wake mwezi wa Mei. Sehemu kubwa yake ni hesabu ambazo sizielewi, lakini mahali pamoja ameandika kuwa maelezo ya mashahidi wa siku ya ufunguzi yatumike kwa hadhari. Najua ni nani aliyemtia neno hilo kinywani. Rula bado imo katika jiliwa, na wageni wakija watoto wao huenda moja kwa moja kuichezea.

Binti naye amemaliza, ameelemea kwa ngamia katika lugha zote mbili, na kamba ameipa sura nzima. Siku ya Idd kaka alipiga simu kutupa mkono wa sikukuu. Tulikuwa tumekwisha kupakua, pilau iko mezani. Akazungumza na mimi kidogo, akamwuliza kijana habari za kazi, kisha akasema, "Mpe huyo mwanangu." Nilimsikia akimwuliza, bila ya salamu, "Enhe, na hao Wagiriki, huyo Cyril wao, hoja yake hasa ilikuwa nini?" Binti alichukua simu akaketi ngazini. Tulimngoja, halafu tukaanza kula, na sahani yake nikaifunika.